Kambi ya Uandishi Ndani ya Msitu wa Mvua: Uzoefu Wangu wa Siku 7

Kambi hii nilienda kama mshiriki: siku 7, waandishi 10, wawezeshaji 2, vibanda vya mbao vilivyoinuliwa kwenye nguzo, paa la bati. Kwa upande wa kazi naisifu. Kwa upande wa ratiba, hapana. Na mtu ambaye bado hana rasimu ningemshauri asubiri kwanza.

Sababu ni joto. Hewa ya msituni imeshiba maji, kwa hiyo jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mwili huhitaji kama wiki 1 hadi 2 kuzoea hali hiyo, maana yake kambi ya siku 7 inakwisha kabla hujazoea. Usiku nao vyura na nyenje hawakuachi ulale, hasa siku 2 za mwanzo. Ukifika na karatasi tupu ukingoja msitu ukupe wazo, utaondoka na kurasa chache tena za uchovu. Ukifika na hadithi fupi iliyokamilika, au sura 2 za riwaya, utapata kazi ya kufanya hata kichwa kikiwa kizito, kwa sababu kukata na kupanga upya huvumilia uchovu kuliko kubuni.

Saa za kuandika ni chache. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa 12, lakini chini ya miti mirefu giza hutangulia. Mwanga unaofika ardhini ni takribani asilimia 2 tu. Saa nzuri ni kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Baada ya hapo ni bora kusoma, kuoga, kulala.

Hapo ndipo waandaaji walipokosea. Walipanga mijadala ya miswada saa 9 alasiri, wakati ambao mvua hupenda kunyesha, na chini ya bati mvua kubwa inameza sauti yote. Piga hesabu: watu 10, kila mmoja dakika 40, ni dakika 400. Ukizigawa kwa siku 4 ni dakika 100 kwa siku, hesabu inayotosha kabisa. Mvua ikifuta kikao kimoja, zinabaki dakika 300, na wastani wa kila mtu unashuka hadi dakika 30. Wanaopunjwa ni wale wa mwisho, kwa kuwa wa mwanzo walishamaliza dakika zao kamili. Kikao hicho kingewekwa saa 4 asubuhi, tatizo lingekwisha.

Utaratibu wenyewe wa mjadala ulikuwa mzuri. Muswada usiozidi maneno 4,000 unatumwa wiki 2 kabla, kila msomaji anakuja na maoni yaliyoandikwa pembeni, mwandishi ananyamaza hadi dakika 10 za mwisho ndipo aulize. Kusoma kwa mara ya kwanza palepale hakufai: watu huishia kusifu sauti ya msomaji badala ya kukagua sentensi. Chapisha nakala zako nyumbani. Karatasi ya msituni hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama kwenye printa.

Zoezi lililonifaa kuliko yote: kaa mahali pamoja dakika 20, andika unachosikia na kunusa tu, bila tashbihi hata moja. Msituni macho hayafiki mbali, masikio ndiyo yanayofanya kazi. Bila sharti hilo kila mtu hurudi na aya ileile ya majani mabichi, ukungu na ukimya, ilhali ukimya wenyewe haupo. Mwambie mwenyeji anayewaongoza akutajie majina ya miti. Jina moja sahihi huondoa vivumishi vitatu.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo wengi hulia. Wino wa jeli na wa maji husambaa kwenye karatasi yenye unyevu; bolpeni yenye wino wa mafuta na penseli havina shida. Daftari lenye jalada la ngozi huota kuvu haraka, chukua la plastiki na ulitunze kwenye mfuko wa zipu. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki: ukijipaka kisha ukagusa kibodi, fremu ya miwani au kalamu, vitanata na kupoteza rangi. Jipake, nawa viganja, ndipo uandike.

Laptopu ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi usiiwashe. Iache ndani ya begi kama saa 1 ipate joto taratibu, la sivyo mvuke hugeuka matone juu na ndani yake. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya silika, yaani punje zinazonyonya unyevu; mchele si mbadala wa maana. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa 2 au 3. Umeme wa jua chini ya miti na mawingu hautabiriki, na betri ya kubebea ya mAh 20,000 ina takribani Wh 74 (saa-wati, kipimo cha umeme uliohifadhiwa), ambazo baada ya upotevu hujaza laptopu ya Wh 50 mara moja tu. Mimi naona kuhariri kwa mkono kunatosha.

Usiandike wala kutundika machela chini ya tawi kavu; matawi huanguka hata siku isiyo na upepo. Kung'uta gambuti kabla ya kuvaa. Suala la chanjo na dawa za malaria limalize kwa daktari mapema, kwani chanjo ya homa ya manjano huhitaji siku 10 kabla ya kuanza kukulinda.

Kabla ya kulipia kambi yoyote ya namna hii, uliza mambo matatu: mijadala ni saa ngapi, umeme unawaka kwa saa ngapi kwa siku, na paa la ukumbi ni la nini. La makuti linanyamazisha mvua.