Daktari wa kazi Lubumbashi: uzoefu wangu

Mimi ni soudeur, yaani mchomeleaji wa vyuma, karakana yangu iko Katuba. Kila tukipata kazi ya mabomba ya zinki, hasa Jumatatu, usiku homa inanipanda: natetemeka, kifua kinabana, mdomoni ladha ya chuma. Siku moja au mbili, imekwisha. Zahanati nilizokwenda ziliniandikia dawa ya malaria tu, nyingine hata bila kupima damu. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na hilo liliniuma sana.

Daktari huyu wa kazi, anayeangalia afya ya wafanyakazi, nilimpata kupitia shemeji yangu wa mgodini. Nilimuuliza ni nani aliyempima kabla ya kuajiriwa. Ukimtafuta, uliza médecin du travail, la sivyo utapelekwa kwa daktari wa kawaida. Wangu yuko kampunini mchana, jioni anapokea watu wa nje.

Kwanza alipima malaria. Hakuna. Kisha akashika mikono yangu, akatazama makovu ya cheche. "Papa, wiki iliyopita ulichomelea bati jeusi, lisilo na zinki, au la zinki? Ndani au nje?" Akanieleza kwamba zinki ikiungua hutoa moshi, na homa yake huja saa kadhaa baadaye. Mwili unauzoea moshi huo katikati ya wiki, ukipumzika Jumapili unausahau, ndiyo maana Jumatatu inakuwa mbaya. Maziwa tunayokunywa sisi wachomeleaji hayazuii kitu, na kitambaa puani hakizuii moshi. Akaniambia nikwangue zinki mahali pa kuungia, nifanyie kazi nje, upepo utoke ubavuni.

Akanipa kimashine cha kupima pumzi. "Puliza, puliza, usikate!" Nikarudia mpaka akaridhika. Kipimo cha masikio alikataa kukifanya siku ile: nilikuwa nimetoka kwenye meule, mashine ya kusagia chuma, na kelele huchosha masikio. Nilirudi asubuhi kabla ya kazi.

Bei ni kubwa kwa mtu wa karakana, nasema wazi, na ripoti iko kwa Kifaransa kizito. Ila kama umeajiriwa, mdai bosi kwanza: Kanuni ya Kazi ya Kongo (Code du travail) ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri awe na huduma ya afya kwa wafanyakazi wake.

Nimeridhika naye kabisa. Mwezi ujao nawapeleka vijana wangu wa karakana, na yule anayekohoa ataanza.