"Gentle reminder" au "Kindly"?

Ofisi nyingi za Kampala hukumbushana kwa Kiingereza, na ubishi haukomi: barua ianze na lipi?

Kwa adabu, "kindly" inashinda hapa Uganda. Ndiyo "tafadhali" yetu ya kila siku. Ila Mwingereza anaweza kuisikia kama amri ya mwalimu mkuu. "Gentle reminder" (kumbusho la upole) ni laini zaidi, mara ya kwanza. Ikifika ya tatu, upole huo unanuka hasira (mimi huisoma hivyo).

Kwa uwazi, "kindly" hudai kitenzi: "Kindly send the invoice by Friday." Mwenzake hana kitenzi, basi mtu husoma, akaguna, akaendelea na chai yake. Mdaiwa wa Jinja mwandikie "kindly" pamoja na tarehe. Mfadhili wa London, "gentle reminder", mara moja tu.