Bia za nchi saba, baridi ya nchi moja

Jina la baa silitaji, maana mwenye nayo tunasalimiana. Iko Bamburi, upande wa baharini. Unashuka kwenye matatu kabla hujafika Shanzu, halafu tuktuk ya shilingi hamsini. Ukutani nje wamechora bendera saba: yetu, Tanzania, Uganda, Namibia, Ujerumani, Uholanzi na Mexico. Ndani kuna friji tatu za vioo, kila rafu na kibendera chake. Kaunta ni ya mbao safi, na juu yake maua ya plastiki ndani ya vyombo viwili virefu vya kioo. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta ya meli ya watalii miaka tisa, kwa hiyo niliposikia habari za hizo bendera nilitoka Changamwe na jua la saa nane kwenda kujionea.

Nilikwenda na shemeji yangu wa Tanga. Tulifika saa tisa u nusu, Jumamosi, na hiyo siku si ya kubahatisha: sheria yetu ya pombe ya 2010, ile ambayo mpaka leo watu wanaiita Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma, inaifungulia baa saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku za kazi ni saa kumi na moja jioni. Mwisho ni saa tano usiku, siku zote. Shemeji alicheka, akasema nyinyi Wakenya mnakunywa kwa kengele kama watoto wa shule.

Nianze na uzuri. Mhudumu, msichana mchangamfu, alikuja hata kabla hatujavuta viti vizuri. "Karibuni wazee wangu. Tusker moto ama baridi?"

Swali hilo sijaulizwa bandari yoyote niliyotia nanga. Miami ukimletea mtu bia ambayo haijaona friji, anamwita msimamizi wako. Lakini marehemu baba, aliyekuwa reli, aliagiza moja moto, moja baridi, akazichanganya kwenye glasi mpaka apate baridi ya maji ya mtungi. Nilipokuja kufika Uingereza nikakuta wenye ale ya pipa, bia yao ya asili, wanaitoa kwenye ghala la chini kwa nyuzi 11 mpaka 13 hivi, na wanaona fahari. Basi mzee wangu alikuwa bingwa wa bia bila kuvuka Kilindini. Niliagiza kama yeye, nikaletewa chupa mbili bila mtu kunikodolea macho. Hapo baa imepata alama zote. Mishkaki pia ni laini na ukwaju wake ni wa kweli, si siki.

Kasoro zilianza tulipovuka mpaka.

Shemeji alichukua Safari ya kwao. Chupa ni nusu lita sawa na Tusker, lakini Safari ina kilevi asilimia 5.5 na Tusker 4.2. Nile Special ya Uganda imepita zote mbili, 5.6. Orodha ya baa inaonyesha bei tu. Mtu aliyezoea kuhesabu chupa nne za Tusker kisha aende nyumbani akijua njia, akihesabu nne za Nile atapelekwa. Kuandika namba hizo ubaoni ni chaki tu.

Windhoek ya Namibia ilikuja na stempu ya ushuru vizuri kabisa, ila nilipoigeuza chupa nikaona tarehe imepita wiki tatu. Waliibadilisha bila ubishi. Hata hivyo, ukiuza bia ya mbali ambayo wateja hawaiulizii kila siku, kagua rafu.

Kilichoniuma hasa ni ya Ujerumani. Erdinger, bia ya ngano, shilingi 650. Imetoka friji moja na Tusker, shingo imeota barafu, na baridi namna hiyo inaua harufu yote uliyolipia. Bia ya ngano ina hamira iliyotulia chini ya chupa. Ina glasi yake ndefu, kiuno chembamba, mdomo mpana. Unaisuuza kwa maji, unailaza, unamimina taratibu kwenye ubavu wa glasi. Ikibaki ya vidole viwili unaizungusha chupa mpaka hamira iamke, ndipo unamalizia, povu likae juu kama kilemba. Kijana wa zamu alileta glasi ya juisi, kavu, akaisimamisha mezani na kupindua chupa kichwa chini. Povu likapanda, likafurika, likamshukia shemeji mapajani. Kijana kwa aibu akafuta meza haraka na kuondoka na chupa, hamira yangu yote ikiwa ndani. Wenzetu wa Bavaria, huko huko Ujerumani, waliweka kanuni ya viungo vya bia mwaka 1516. Sijui wangemwandikia nini.

Sikumgombeza. Nilimwita akae, nikamweleza, naye akaniuliza kama huko ng'ambo nako wanadai vitambulisho. Maana baunsa wao mlangoni, niseme kwa haki, alimrudisha kijana mmoja aliyeshindwa kuonyesha kwamba ametimiza miaka 18.

Nikamwambia habari ya meli yetu. Kuna abiria wa Texas, miaka 19, nilimhudumia bia wiki nzima tukiwa Mediterania, tena mstaarabu, bakshishi anaacha. Safari ya pili nikamkuta tena, tumetoka Miami, na Marekani ni miaka 21. Bia ile ile, kaunta ile ile, nikamnyima. Alidhani namtania. Hamburg ya Ujerumani sasa, kijana wa miaka 16 ananunua bia dukani kwa haki yake na anatembea nayo barabarani akinywa. Pombe kali tu ndiyo asubiri 18. Na Stockholm, Uswidi, nilifika dukani Jumamosi saa kumi jioni nikakuta pamefungwa mpaka Jumatatu. Wao bia kali inauzwa na duka la serikali, Systembolaget, nalo Jumamosi linafunga saa tisa na hununui hata chupa kabla ya miaka 20. Duka la kawaida mwisho wake ni bia ya asilimia 3.5. Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hivyo Tusker huko wangeifungia?" Naam, Tusker yetu ya 4.2 ingewekwa duka la serikali pamoja na wiski. Huyu kijana ana akili, wamfundishe kazi.

Saa tano kasorobo wakapita wakisema oda ya mwisho, na saa tano taa zikawashwa kweli. Baa ngapi za Mombasa zinatii hivyo?

Nyota tatu. Nenda kwa Tusker, mishkaki na yule dada; bia za mbali ziulizie tarehe kwanza, na omba zitolewe kwenye friji dakika kumi kabla.

Nilikwenda kulipa kaunta mwenyewe kwa sababu bili ilikuwa na Erdinger mbili, na moja imenywewa na suruali ya shemeji. Msimamizi akaifuta bila maneno. Nikamuuliza kwa nini asinunue hata glasi mbili za ngano. Akasema mwuzaji aliwahi kuwaletea, hajui zilienda wapi. Wakati anatafuta chenji nikayasogeza yale maua ya plastiki nipate pa kuweka kiwiko. Ndefu, kiuno chembamba, mdomo mpana, na jina la Erdinger limeandikwa ubavuni.