Uzoefu wangu na wakili wa kiwanja: je, asilimia 3 ni nyingi?

Nilinunua kiwanja kilichopimwa huko Goba, Dar es Salaam, kwa shilingi milioni 28. Wakili aliyesimamia mauziano alitoza asilimia 3 ya bei, yaani shilingi 840,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 151,200, hivyo jumla ikawa 991,200. Shemeji yangu alipoiona risiti alisema nimeibiwa mchana kweupe, ingawa dalali aliyetutembeza juani kwa saa mbili tu alikuwa amechukua asilimia 10 kwa muuzaji na hakuna aliyemwita mwizi.

Lililoniudhi zaidi ni mkataba. Rasimu niliyoletewa ilikuwa na kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu, kwenye kifungu cha makabidhiano, lilikuwamo jina la mnunuzi nisiyemjua pamoja na namba ya kitalu kisicho changu. Ni dhahiri kwamba ulikuwa mkataba wa mteja mwingine uliobadilishwa majina, na mimi ndiye niliyegundua kosa hilo. Kwa kazi ya namna hiyo hata laki mbili ningeziona nyingi.

Upekuzi, yaani kuangalia kumbukumbu za kiwanja kwa Msajili wa Hati, hata hivyo, ni habari nyingine kabisa. Muuzaji alikuwa na hati halisi mkononi, safi, isiyo na alama yoyote ya mgogoro, nami nilikuwa tayari kulipa siku ile ile. Wakili alinikataza katakata nisitoe hata senti mpaka majibu ya Msajili wa Hati yatoke, na yalipotoka yalionyesha zuio lililowekwa na dada wa muuzaji, aliyedai kuwa kiwanja ni sehemu ya mirathi ya baba yao ambayo haijagawanywa. Ilichukua wiki sita ndugu wale kuelewana na zuio kuondolewa. Hata baada ya hapo wakili alimtaka mke wa muuzaji aje mwenyewe ofisini kusaini ridhaa ya mwenza, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Kwa sehemu hii sina kinyongo. Pengine nilimlipa kidogo.

Kinachonisumbua ni hesabu ya asilimia. Kiwanja kingekuwa cha milioni 56, ada ingekuwa mara mbili, ilhali upekuzi ungekuwa ule ule, fomu zile zile, na karani angepanga foleni ile ile. Sikujua wakati ule kwamba Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inatambua makubaliano ya ada yaliyoandikwa kati ya wakili na mteja, wala hakuna aliyeniambia; nililipa nilichotajiwa, kama wengi wetu tunavyofanya tukishaketi mbele ya meza yenye mihuri.

Mdogo wangu aliponunua kiwanja cha milioni 35, tulirudi kwa wakili yule yule, lakini safari hii tulimwomba atuchanganulie kazi moja moja kabla ya kuanza. Kwa asilimia 3 angedai 1,050,000 kabla ya kodi. Tuliafikiana 600,000, kodi ikiwa ndani, akaandika hayo kwenye karatasi moja na kusaini. Rasimu ya mkataba niliisoma mwenyewe mara mbili.