TAHADHARI: TV za "4K" zinazouzwa Kariakoo kumbe kioo ni Full HD

Wakuu, kama una mpango wa kushuka Kariakoo kununua TV, soma hapa kwanza. Kuna maduka yanauza TV zenye stika ya 4K, boksi limeandikwa 4K, ukiwasha inakukaribisha kwa maandishi makubwa ya 4K, lakini kioo chenyewe ni Full HD. Nyingine hata Full HD hazifiki. Inchi 32 yenye stika ya 8K nayo nimeiona kwa macho yangu, imetundikwa ukutani inasubiri mtu wa kupigwa.

Jirani yangu, mama mmoja wa hapa Mbagala, ameingia mkenge juzi. Winga, yaani dalali wa kuvuta wateja, alimdaka mtaa wa Msimbazi, akampandisha ghorofani, akashuka na inchi 43 ya "4K UHD" kwa laki saba na nusu. Mwanawe alipochomeka laptop ya chuo, maandishi madogo yakaonekana kama yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyolowa. Ndipo wakaniita.

Tuweke hesabu sawa. Picha ya TV inajengwa na vinukta vidogo, pikseli. TV nyingi za HD za bei ya chini zina 1366 kwa 768, yaani milioni 1 na kitu. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Kwa hiyo anayekuuzia Full HD kwa bei ya 4K amekupa robo ya ulicholipia.

Ujanja uko hapa: bodi ya ndani na kioo ni vitu viwili tofauti. Bodi inaweza kupokea picha ya 4K, ikaipunguza mpaka ienee kwenye kioo cha Full HD. Ukibonyeza info kwenye rimoti itakuandikia 3840 x 2160 na haijadanganya, maana inakutajia picha inayoingia, siyo kioo kinachoionyesha. Tuliporudi dukani na yule mama, muuzaji hata hakubabaika: "Mama yangu, hii inasapoti 4K. Kwani YouTube haijakuandikia 4K?" Kusapoti! Na ukiingia kwenye mipangilio ukakuta imeandikwa 4K, usiridhike. Ile ni programu tu, aliyeiandika anaweza kuweka chochote.

Na wanajua kwamba wengi hawatagundua. Ukikaa mita mbili au zaidi kutoka inchi 43, ni vigumu kwa jicho la kawaida kutofautisha Full HD na 4K. Vile vile ving'amuzi vingi vya majumbani vinatoa picha ya HD au Full HD, kwa hiyo ukiangalia mpira utaona mambo safi tu. Dukani nako wanakuwekea flashi yenye video ya samaki na maua, rangi zimepandishwa mpaka mwisho. Video ile inapendeza kwenye kioo chochote.

Kwa hiyo achana na stika, hesabu kioo. Beba rula ya shule na simu yenye kamera nzuri. Mwambie muuzaji aweke picha nyeupe tupu. Sogeza simu karibu kabisa, vuta picha (zoom), utaona vijistari vya nyekundu, kijani na bluu vimejipanga. Vitatu hivyo kwa pamoja ni pikseli moja. Weka rula mbele ya kioo bila kukigandamiza, piga picha, kisha hesabu pikseli kwa upande wa mlalo ndani ya sentimita 1. Kwa inchi 43 ya 4K ya kweli utapata kama 40. Full HD ni 20. Ukipata 14, hiyo ni 1366 na ushuke ngazi bila kuaga. Kwa inchi 55, 4K inatoa kama 31 au 32, Full HD 16. Ya mama yule tulipata 20 juu, 20 katikati, 20 chini. Muuzaji alitazama picha kwenye simu yangu akaanza kuongelea waranti.

Inchi zenyewe nazo pima. Futi ya kupimia ianzie kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila kuhesabu fremu: inchi 43 ni sentimita 109, inchi 32 ni 81.

Sisemi kila mtu anahitaji 4K. Kwa inchi 32 ya chumbani, HD inatosha sana na mimi mwenyewe ningekushauri ubakize hela yako. Tatizo ni kulipishwa kitu ambacho hakimo.

Kuhusu risiti: dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iandikwe modeli kamili, siyo "TV 43" peke yake. Muuzaji aongeze kwa mkono "kioo 3840 x 2160" na asaini. Aliyeuza Full HD atasitasita hapo hapo. Yule mama alikuwa na karatasi ya mkono yenye mhuri na yale maneno ya "mali ikiuzwa hairudishwi", basi. Maneno hayo yasikutishe, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na wa kumpelekea malalamiko ni Tume ya Ushindani, FCC. Tulipoitaja FCC na kuonyesha ile picha ya rula, ubishi ukapungua. Hawakurudisha hela yote. Walimpa laki mbili akabaki na TV. Kachoka, kakubali.

Wanaoagiza Instagram na kuletewa na bodaboda, nyie ndio mko hatarini zaidi. Usitume hela kwenye lipa namba kabla boksi halijafunguliwa na TV haijawashwa mbele yako. Akikuambia bodaboda ana haraka, mwache aende nayo.