Programu ya fonti iliyonitupia fonti, kisha wakaniambia ipo

Hukumu kwanza: nyota moja. Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike, haikupoa.

Tangu sasisho la juzijuzi, programu hii ya kutunza fonti, yaani mitindo ya herufi za kompyuta, imejipa kazi ya kuondoa fonti pacha. Haikuuliza. Ilipita hifadhi yangu yote, na kila ilipokuta faili mbili zenye jina moja ikabakiza moja, nyingine ikatupa. Kati ya zilizotupwa imo fonti niliyopangia kitabu cha mteja, kazi iliyokuwa inangoja kwenda kuchapwa. Jina lilikuwa moja, ndiyo, lakini matoleo mawili. Kwenye toleo jipya mwenye fonti alirekebisha nafasi kati ya herufi na herufi, na anayepanga maandishi ya Kiswahili anajua uzito wa jambo hilo. Andika "ng'ombe" au "king'ora" kwa fonti ambayo mchoraji wake hakuwahi kuwaza g ikifuatwa na ritifaa. Ama ritifaa inaikalia g kichwani, ama linabaki pengo utadhani neno limekatwa. Nililipia toleo lile kwa sababu hiyo tu.

Kinachonichoma zaidi ni ule ukimya. Fonti ikikosekana kabisa, InDesign, programu ya kupanga kurasa, inakupigia kelele: onyo linatokea, maandishi yanapakwa rangi ya waridi. Hapa jina lilipatikana, kwa hiyo kila kitu kikaonekana salama, kumbe toleo la zamani limeshaingia. Mistari ikakatikia pengine, aya zikarefuka, sura zikasogea, yaliyomo yakataja kurasa ambazo si zake. Niligundua kwa macho tu, baada ya kuona yale mapengo ya ng' yamerudi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja na kuambatisha picha za ukurasa uleule, kabla na baada. Aliyenijibu akasema hakuna fonti iliyopotea, kwani jina lake bado liko kwenye orodha, na nisome mwongozo. Nisome mwongozo! Nikamuuliza kwa adabu zote: programu inatumia kigezo gani kuamua faili ipi ibaki? Akafunga ombi langu bila neno.

Huyu anauza programu ya fonti na hajui kwamba jina halithibitishi kitu. Chukua Garamond. Ile ya kampuni ya Adobe, aliyoichora Robert Slimbach mwaka 1989, herufi zake za wima zinafuata kazi ya Claude Garamond mwenyewe, mchonga herufi Mfaransa wa karne ya 16. Ile ya kampuni ya Monotype ya miaka ya 1920 inafuata herufi za Jean Jannon, aliyefanya kazi miongo mingi baada ya Garamond kufa. Ni Beatrice Warde, mtafiti wa historia ya uchapaji, aliyeliweka wazi mwaka 1926 kosa hilo la kumpa Garamond herufi za Jannon. Ya kampuni ya ITC nayo ina herufi ndogo zilizonyanyuka mno, ukiiweka kando ya hizo mbili huamini ni ukoo mmoja. Zote zinaitwa Garamond. Na hata pale majina yanapolingana herufi kwa herufi, ndani ya faili kuna namba ya toleo. Si siri. Wangeisoma tu.

Sasa niseme haki, maana haki ipo. Dirisha lao la kulinganisha fonti ni zuri kuliko yote niliyotumia. Unaandika sentensi yako mwenyewe, sentensi ya kazi halisi, unaiona kwa fonti kadhaa zikiwa zimepangwa juu na chini. Kila mstari unaukuza peke yake mpaka herufi ndogo zilingane kimo, na hapo ndipo ulinganisho unaanza kuwa wa kweli, kwa sababu fonti mbili za pointi 11 zinaweza kutofautiana ukubwa kwa macho kabisa. Wanaodai Helvetica na Arial ni kitu kimoja ningewakalisha hapo: watazame miisho ya c na s, Helvetica imekatwa mlalo, Arial imekatwa mshazari. Watazame na mguu wa R. Nimechagulia kazi nyingi fonti kwenye dirisha hilo, na kila mara mteja alipouliza kwa nini hii na si ile, nilikuwa na cha kumwonyesha. Kwa hilo pekee nyota tatu. Labda nne.

Lakini uzuri wa kuchagua una faida gani kama nilichokichagua kinabadilishwa nyuma ya mgongo wangu? Fonti niliyoichagua kwa makini kwenye dirisha lao ndiyo hiyohiyo waliyoitupa. Nimehamishia fonti zangu zote kwenye folda ambayo programu hii haina ruhusa ya kuigusa, na kila kazi ya mteja sasa inabeba fonti zake humohumo. Dirisha nalitumia bado. Basi mbili.

Hapana, moja. Ombi langu halijafunguliwa, na kitufe cha kuzima usafishaji huo hakipo.