Programu ya kukokotoa ozoni: nyota nne, ya tano imezuiwa na Antaktika

Nafundisha kemia, na kila nikifika kwenye tabaka la ozoni swali huwa lilelile: kama CFC, zile gesi za majokofu na povu zinazoharibu ozoni, zilishapigwa marufuku, mbona tundu la ozoni bado lipo? Programu hii ya bure imenipa jibu ambalo mwanafunzi analiona kwa macho yake.

Unaijazia kiasi cha gesi za halojeni (zenye klorini au bromini) kinachotoka kila mwaka, nayo inakokotoa klorini na bromini zitakazofika stratosfia, tabaka la juu la angahewa lenye ozoni, halafu inachora mstari wa ozoni hadi 2100. Si modeli kamili ya angahewa, zile zinazohitaji kompyuta kuu, ndiyo maana inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta ya kawaida ya shule.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba gesi iliyotengenezwa imetenganishwa na gesi iliyokwisha kutoka. CFC-11 nyingi bado imefungika kwenye povu la kuhami joto, ndani ya kuta za majengo na majokofu ya zamani, na inavuja taratibu. Ukiweka sifuri kwenye utengenezaji, utoaji hauishi. Hata ukiziba kila mvujo, CFC-12 hukaa angani takriban miaka 100, kwa hiyo mstari wake unashuka kwa kujikokota. Wanafunzi wakiliona hilo, wenyewe wanaanza kuuliza ni nani atakayeyakusanya majokofu hayo. Swali hilo lina thamani kubwa kwangu kuliko alama za mtihani.

Haloni, gesi zenye bromini za vizima-moto, nazo zimewekwa sawasawa: atomi moja ya bromini inahesabiwa kuharibu ozoni takriban mara 60 kuliko ya klorini. Upo pia mchoro wa dunia isiyo na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni, kutoka utafiti wa wanasayansi wa NASA wa 2009: kufikia 2065, theluthi mbili ya ozoni ya dunia ingekuwa imetoweka. Kila nikiutazama nawashukuru waliotia saini 1987.

Sasa kasoro. Hewa huchukua wastani wa miaka 3 kufika stratosfia ya latitudo za kati, lakini ile ya juu ya Antaktika ina umri wa takriban miaka 5.5. Programu inatumia 3 kila mahali. Matokeo yake, Antaktika inapona mapema mno, wakati tathmini ya kimataifa ya 2022 inataja takriban 2066 kwa Antaktika na 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia. Mwalimu asiyejua hilo atafundisha mwaka usio sahihi. Diklorometeni, kiyeyushi cha viwandani kisichodhibitiwa na Itifaki, haimo kabisa.

Nawaomba watengenezaji, katika toleo lijalo, umri wa hewa uwe namba ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha. Kisanduku kimoja kinatosha.